Goti Lilipata Barafu

Uvumi ulimfikia Mama Ukuta akiwa na pini mdomoni. Alikuwa amechuchumaa sakafuni akipima pindo la gauni la jirani yake, na jirani, ambaye mdomo wake haupumziki hata akipimwa nguo, akasema kipa wa timu ya ng'ambo ya mto amepotea nyumbani kwake.

Mama Ukuta akatoa pini. "Mtu anapoteaje nyumbani kwake?"

"Si kupotea njia. Alisimama mlangoni pake mwenyewe, mchana kweupe, akapiga hodi. Mkewe kufungua, bwana anamuuliza, samahani dada, hapa ni kwa nani? Watu wakacheka, wakajua ni utani. Kumbe aligongwa kichwa kwenye mechi, akanyanyuka, akaendelea kucheza. Tena siku hiyo aliokoa penalti."

"Nani kakwambia?"

"Wanasema."

"Hao wanasema ni akina nani?"

"Mama Ukuta nawe. Wanasema ni wanasema. Pima nguo."

Akapima, lakini pindo likatoka refu upande mmoja, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushika mkasi. Uvumi ni kama uzi ulionasa kwenye nguo. Ukiuvuta unarefuka, ukiuacha unauona kila ukigeuka. Na yeye alikuwa na sababu ya kuuona, maana mwanawe naye alikuwa amegongwa Jumamosi iliyopita, na alikuwa chumba cha pili, amelala, pazia limefungwa, saa ya watu kunywa chai ya asubuhi.

*

Mwanawe alikuwa beki wa kati. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti. Mtaani, redioni, hata kwa mkewe, alikuwa Ukuta, kwa sababu mpira wa juu ukimfikia ulirudi ulikotoka. Jumamosi hiyo walicheza ugenini, na timu ya ng'ambo ya barabara kuu. Dakika za mwisho aliruka pamoja na mshambuliaji kugombea kona, vichwa vikagongana, na sauti ikafika jukwaani kama mbao mbili zilizopigwa. Wakaanguka wote, na yule mshambuliaji akamwangukia gotini.

Watu wote waliliona goti. Lilivimba hadi suruali ikakataa kuvuka. Kichwa hakikutoa hata tone la damu. Ukuta alikaa kwenye nyasi kidogo, akakitikisa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni, kisha akainuka na kumaliza mechi akichechemea.

Katika nyumba ile, goti ndilo lililoogopwa. Baba wa Ukuta alikuwa winga machachari enzi zake, na wa rika lake waliendelea kumwita Winga ingawa sasa alikuwa fundi baiskeli anayekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama mpini wa jembe, kwa sababu goti lake halikunji tena. Mtoto akianguka katika nyumba ile haulizwi kama ameumia. Anaulizwa, goti vipi?

Basi wiki ile yote waliishi na goti. Wiki yenyewe haikuwa ya mchezo. Jumamosi inayofuata timu ilikuwa nyumbani, na wanunuzi kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kumtazama Ukuta. Wakala wake alikuwa amethibitisha. Mtaa ukawaka. Watu waliopita siku zote bila salamu sasa walisimama dirishani kwa Mama Ukuta wakijifanya wana suruali ya kupunguza. Mmoja akasema, "Ukuta akifika huko atuletee baridi kidogo." Mwingine akajibu, "Baridi ya nini, atuletee viatu, baridi hata mchinjaji anayo kwenye friza."

Na kweli kwa mchinjaji ndiko barafu ilikotoka. Mke wa Ukuta aliibeba kwenye ndoo asubuhi na jioni, akikimbia isiyeyuke, khanga imefungwa kiunoni, na watu wakimpisha kama gari la wagonjwa. Majirani walileta mafuta ya kuchua, mengine yakinuka kama petroli, mengine yameandikwa ni ya farasi. Winga alimchua mwanawe mwenyewe, asimwamini mtu mwingine, vidole vyake vyeusi vya grisi vikipita juu ya mfupa taratibu kama vinatafuta kitu kilichodondoka.

Jumatano uvimbe ukaisha. Ukuta akatoka uani, akachuchumaa mpaka chini, akainuka bila kushika kitu. Vigelegele vikapigwa. Winga akageukia ukutani, akajifanya anapenga kamasi.

Ukuta alichuchumaa akiwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi. Vigelegele vilipopanda aliziba masikio, akacheka, akaenda nyuma ya bafu na kutapika. Mkewe alimfuata na kikombe cha maji.

"Ni mchecheto," aliwaambia waliobaki uani. "Hata siku ya harusi yetu alitapika."

Watu wakacheka sana. Mama Ukuta pia alicheka. Harusi ile alikuwepo.

*

Daktari wa timu alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi, mmoja kwa klabu nzima, kuanzia watoto wa shule ya mpira hadi wakubwa. Mchezaji aliyegongwa kichwa alikuwa na maswali yake, na aliyauliza asubuhi ya mechi kabla ya majina kuandikwa. Leo ni siku gani? Tuko uwanja gani? Mara ya mwisho tulicheza na nani? Matokeo yalikuwaje? Unajisikiaje? Hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, miaka nenda miaka rudi. Wachezaji waliyaita wimbo wa daktari. Mgeni akisajiliwa, wenzake walimwonyesha kabati lake, bomba lenye maji ya moto, na wimbo.

Kwa hiyo Alhamisi jioni, baada ya kula, Winga alivaa miwani ya mkewe ya kushonea na kugonga meza.

"Kimya. Daktari ameingia. Ukuta, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Umeshafeli. Ni Jumamosi."

"Lakini leo ni Alhamisi, mzee."

"Nani amekuuliza ya leo? Utaulizwa Jumamosi, ujibu Jumamosi. Tuko uwanja gani?"

"Nyumbani."

"Mara ya mwisho tulicheza na nani?"

Ukuta aliangalia chumvi, akaangalia mkewe. Mkewe akaficha mdomo kwa kiganja na kumnong'oneza.

"Msinong'one kwenye mtihani," Winga akasema, na meza yote ikacheka. "Matokeo?"

"Tulishinda."

"Sare, baba watoto," mkewe akasema. "Moja kwa moja. Umesahau na goli lao ulililaumu njia nzima?"

"Sare. Sare ya moja kwa moja. Niulizeni tena."

Wakamuuliza tena. Wakamuuliza anavua viatu, wakamuuliza amejaza maji mdomoni, mkewe akamuuliza ghafla toka nyuma ya mlango. Ilikuwa kama mchezo wa redio, kila mtu amechangamka, hata mama mtu akashika zamu ya daktari. Mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe, yamefuatana kama mnadi anayetaja bei. Jumamosi, nyumbani, ng'ambo ya barabara kuu, sare ya moja kwa moja, sijambo daktari. Winga akavua miwani akasema, "Huyu hata rais akimuuliza, anapita."

Kisha, kwa furaha, wakamwomba asimulie mgongano wenyewe. Ukuta akasimama kuonyesha.

"Kona inapigwa toka kule. Mshambuliaji anakuja hivi. Yule beki anatokea kushoto, anaruka, yaani amempita mwenzake kwa mabega, halafu pa. Wanaanguka wote wawili. Yule beki anakaa, anatikisa kichwa."

Mama Ukuta aliacha kukusanya sahani. "Yule beki nani?"

"Mimi."

"Ulipokuwa juu uliona nini?"

"Niliona..." Akacheka, akajikuna shingo. "Nimeona kwenye simu, mama. Ile video wameirusha wote. Umeiona?"

Alikuwa anaieleza kama mtu aliyekaa jukwaani. Hata upande aliosema, kushoto, ulikuwa kushoto kwa mtazamaji. Wengine walishaanza kuzungumza habari za pasipoti.

*

Asubuhi Mama Ukuta aliacha cherehani na kwenda kwenye karakana ya mumewe. Winga alikuwa ameigeuza baiskeli ya mteja miguu juu, analizungusha gurudumu na kulisikiliza. Mteja mwenyewe alikaa kwenye tairi akingoja.

"Baba Ukuta, yule mtoto hakumbuki."

"Hakumbuki nini?"

"Mechi. Ameijua kwenye simu. Anafunga pazia mchana. Jana kanisimulia habari ya mwenye nyumba mara mbili, na mara zote mbili akanisubiri nicheke."

"Si ya kuchekesha?"

"Mara ya kwanza."

Winga akakaza njiti moja ya gurudumu. "Mke wangu, sikiliza. Kichwa ni mfupa mtupu, Mungu mwenyewe alikifunika. Goti ni kamba kamba. Kamba ikikatika, imekatika. Mimi ndiye wa kufundishwa hilo?"

"Siku hizi zikikatika kuna watu wanazishona. Anakaa nje mwaka, anarudi. Kichwa nani anakishona? Mimi nashona kila kitu, hicho sikiwezi."

"Kila beki hugongwa kichwa. Ndiyo kazi yake. Ukitaka beki asigongwe, mwambie na mshonaji asichomwe sindano."

"Nikichomwa naacha cherehani, nafunga kidole. Yeye amefunga nini?"

Gurudumu likazunguka.

"Weka vyote viwili kwenye mzani, Baba Ukuta. Wewe goti lilikufa, na mpira ukaondoka nalo. Nililia na wewe. Lakini njia ya kurudi nyumbani unaijua. Jina langu unalijua. Ukipunjwa chenji unakasirika. Mtu akipoteza kichwa anabaki na nini?"

"Anabaki na goti," mteja akasema toka kwenye tairi.

Winga akaangua kicheko mpaka spana ikamponyoka. Hata Mama Ukuta ilimbidi akaze midomo. Lakini kicheko kilipoisha, mumewe alimtazama kwa macho ya mtu aliyengoja kitu maisha yake yote, na sasa kinapiga hodi.

"Siku moja," alisema polepole. "Jumamosi moja tu wamwone. Akishaweka sahihi, alale mwaka mzima, mimi nitamfungia hilo pazia. Nisaidie kwa siku moja."

*

Hakwenda nyumbani. Alikwenda uwanja wa mazoezi na futi ya kupimia bado ikiwa shingoni. Mlinzi alimtazama juu mpaka chini.

"Wauza nguo mlango wa nyuma, mama. Tena leo hatununui."

"Mimi ni mama yake Ukuta."

"Tangu wiki ianze wamekuja mama zake watatu."

Aliyemwokoa alikuwa wakala, kijana anayenukia toka mbali, simu mbili mkono mmoja. Alimwamkia kwa heshima zote, akamshika kiwiko, akamsogeza pembeni kama unavyosogeza kiti kilichozuia mlango.

"Umekuja kutakia heri, mama yangu. Safi sana."

"Nimekuja kumwona daktari. Kichwa cha mwanangu hakiko sawa."

Wakala aliangalia nyuma. Akashusha sauti. "Mama, goti nimelipiga picha, nimewatumia. Wameliona, wamelipenda. Kichwa hakuna aliyeuliza."

"Ndiyo maana nauliza mimi."

"Watu hawa wananunua miguu. Neno kichwa likitajwa hapa, hata kwa bahati mbaya, wanageuza gari njiani. Halafu kesho mwanao akiwa amekaa nyumbani na kichwa chake kizima, utamwambia nini?"

Ukuta alikuwa ameshamwona. Alikuja mbio toka upande wa pili, akiwa na jezi ya mazoezi, wenzake wakimwita kitinda mimba wa mama. Alisimama na jua usoni, jicho moja amelifumba.

"Mama, usiniharibie."

"Fungua jicho."

"Jua hili."

"Jua liko nyuma yangu. Mimi ndiye kivuli. Fungua jicho, uniambie unanionaje."

Akafungua, akatabasamu. "Nakuona vizuri kuliko wote. Nakuona mara mbili."

Alikuwa anatania, au alikuwa anasema kweli kwa kutania. Mama yake akacheka kwa mazoea. Kisha Ukuta akamshika mikono yote miwili, mbele ya wenzake, jambo asilolifanya tangu awe mtu mzima.

"Nina mke, mama. Umri unakwenda. Hawa hawatarudi tena. Baada ya kesho nipeleke kwa daktari yeyote unayemtaka, nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini leo rudi nyumbani. Nakuomba."

Daktari alikuwa anaonekana pale pale, hatua chache, amepiga magoti anamfunga mchezaji mwingine bandeji. Goti. Angeita jina lake angesikia. Mama Ukuta aliivua futi shingoni, akaikunja ndogo, akaikunja tena, akarudi nyumbani.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda nguzo za taa. Ngoma zilianza kabla ya timu kutoka. Mama Ukuta hakuwahi kuingia uwanjani, mechi zote alizisikia redioni huku anashona, na kelele zile zilimpanda toka kwenye nyayo. Alikaa safu ya mbele kabisa, kati ya mumewe na mkwewe, ukuta mfupi wa zege mbele yao na baada ya ukuta, majani. Jirani wa uvumi alikaa nyuma yao na mfuko wa machungwa, anagawa kama yeye ndiye mzazi.

Habari zilikuwa zimeshafika toka chumba cha kubadilishia nguo. Ukuta alijibu wimbo wa daktari haraka kuliko mtu yeyote tangu wimbo uwepo.

Na alicheza. Hilo lazima lisemwe, alicheza kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Mshambuliaji wao mwenye mbio alimjia mara ya kwanza akapokonywa, akamjia mara ya pili akapokonywa na kusaidiwa kuinuka. Mpira mrefu ukashuka toka mawinguni, Ukuta akaukuta juu, akaurudisha kwa kichwa karibu na mstari wa kati, uwanja mzima ukatamka jina lake. Kwenye kivuli cha jukwaa kuu wanunuzi walisogeza vichwa vyao pamoja. Wakala, amesimama nyuma yao, akainua dole gumba kuelekea kwa Winga.

"Umeliona goti?" Winga alikuwa anamvuta kila mtu mkono. "Umeona alivyogeuka? Hilo goti ni la chuma." Timu ikapata goli kabla ya mapumziko, na yeye, mzee mwenye mguu usiokunjika, akarukaruka kwa ule mzima. Mama Ukuta alijikuta amesimama, anapiga kelele asizozijua, amemkumbatia mtu asiyemjua. Kwa muda ule aliusahau uvumi. Moyo ulimjaa. Alijiambia, kumbe nilikuwa naogopa bure.

Mapumziko yakaisha. Timu zikatoka, zikabadilishana magoli kama ilivyo kawaida. Ukuta alitoka wa mwisho, akakimbia moja kwa moja mpaka goli alilokuwa analilinda mwanzo.

Lilikuwa sasa goli la wapinzani. Alisimama mbele ya kipa wao, akapiga makofi, akaanza kupanga mabeki wao. "Sogea. Wewe, sogea huku, acha nafasi." Alimshika mmoja mabega akamweka mahali pake. Yule beki akatazama wenzake, akainua mikono, akacheka. Uwanja ukaangua kicheko. Jirani alicheka mpaka akamwaga machungwa.

"Anawachanganya akili," mtu akasema. "Huyu bwana ana utani."

Winga naye alikuwa anacheka. Mama Ukuta akamshika mkono.

"Baba Ukuta. Mwanao huwa anatania uwanjani?"

Kicheko cha Winga kilikatika. Alimjua mwanawe uwanjani kuliko alivyomjua nyumbani. Tangu akiwa mtoto, akivaa viatu vya mpira alikuwa hacheki, hasalimii, hata kukojoa haombi. Na pale, mbele ya goli la watu, Ukuta hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso, anawakaripia wapinzani wasimame vizuri wasije wakafungwa.

Kipa wake alimwita toka mbali, na Ukuta akaangalia huku na huku, akakimbia kurudi. Watu wakampigia makofi. Mwamuzi akapuliza. Mpira haukukaa, wapinzani wakaja juu, ukagonga mtu, ukatoka. Kona. Ukuta akaingia katikati ya sanduku la penalti, akainua shingo.

"Daktari," Winga akaita. Ngoma zikaimeza sauti. "Daktari, mtoe."

Mpigaji alikuwa anauweka mpira. Winga aliweka viganja juu ya ukuta wa zege, akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mwingine kwa mikono kama mzigo, na mkewe, bila kufikiri, akamsukuma. Akaangukia majani kwa makalio. Akainuka, akaenda. Haikuwa mbio, ilikuwa ni mwendo wa meza inayosukumwa, lakini aliuvuka mstari, akaingia kwenye sanduku, akafika kwa mwanawe na kumkumbatia kichwa kwa mikono yote miwili, akakificha kifuani. Mwamuzi akapuliza mpaka mashavu yakajaa.

Walinzi wakamfikia. Uwanja ukazomea. "Mzee kalewa, mtoeni." Toka jukwaa kuu wakala alikuwa amejishika kichwa chake mwenyewe.

Daktari alikuja na mkoba. Alimjua Winga, alimjua kila mtu. Akamgeukia Ukuta kwanza, kwa utaratibu wake.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Tuko uwanja gani?"

"Nyumbani."

"Mara ya mwisho?"

"Ng'ambo ya barabara kuu, sare ya moja kwa moja, sijambo daktari."

Watu wa karibu wakashangilia. Daktari akamwonyesha mwamuzi dole gumba kwamba mambo ni sawa. Walinzi walikuwa wameshamnyanyua Winga mikono na miguu, kofia imeanguka, shati limepanda tumbo liko nje mbele ya mji mzima.

"Tulimfundisha," Winga akasema. Hakupiga kelele tena, pumzi ilikuwa imeisha. "Daktari, hayo majibu tulimfundisha sisi. Mezani. Muulize jingine. Muulize mimi ni nani."

Daktari akasimama. Aliwaangalia baba na mwana. Akanyoosha kidole.

"Ukuta, huyu ni nani?"

Ukuta alimtazama mzee aliyening'inia mikononi mwa walinzi. Akampa lile tabasamu la adabu ambalo mchezaji humpa shabiki. Kisha akamgeukia daktari, tayari, kifua mbele.

"Jumamosi, daktari."

*

Alimtambua baba yake kesho yake, hospitali, saa ya kuogesha wagonjwa. Alimwambia, "Mzee, mbona umechafuka?" Winga akasema alianguka kwenye baiskeli.

Daktari wa hospitali aliwaeleza kwamba ubongo ulikuwa umetikisika Jumamosi ya kwanza na haukupewa nafasi ya kutulia, na kwamba pigo zito juu ya lile la kwanza lingeweza kumchukua pale pale. Kama atacheza tena, hakusema. Alisema apumzike kwanza, tutaona. Ukuta sasa anakaa na pazia nusu. Akisoma ukurasa mmoja anaumwa. Akimfokea mkewe anasahau kwa nini, na mkewe amejifunza kutomkumbusha. Siku nyingine anaamka vizuri, anachekesha nyumba nzima, na kila mtu anacheka kwa tahadhari, anangoja kama hadithi itarudi.

Wanunuzi hawakuondoka mikono mitupu. Walimchukua beki mwenzake, mmoja ambaye goti lake lilishashonwa hospitali na akakaa nje msimu mzima. Alikuja kuaga. Ukuta alimtazama goti akasema, "Litunze," wakacheka wote wawili, na mgeni akaondoka haraka.

Winga alifungiwa kuingia uwanjani. Mjini wamembatiza Mzee Jumamosi. Watoto wanampigia kelele akipita na baiskeli za watu, na yeye huitika, maana hana nguvu ya kugombana na mji.

Juzi wakala alipiga simu. Mama Ukuta alikuwa kwenye cherehani, akaipokea kwa bega.

"Shikamoo mama yangu. Pole na yote. Kuna timu nyingine imeulizia, ndogo kidogo, lakini si haba. Goti linaendeleaje?"

"Ni zima," akasema Mama Ukuta. "Nikutumie?"

Mwenye mtoto anayecheza, haya yaepuke:

Usimfundishe majibu ya daktari, hata kwa mchezo, hata mkiwa mnacheka.

Usiseme hakuvimba, hakutoka damu.

Usimrudishe uwanjani siku ile ile, wala wiki ile, kwa sababu amesema yuko sawa. Anayeulizwa ndiye aliyegongwa.

Kutapika usikuite mchecheto.

Usimpe dawa ya maumivu ili avuke mechi.

Usiogope mtu mwenye simu mbili.

Usirudi nyumbani ukiwa umeshamwona daktari kwa macho.

Goti usilidharau, nalo ni mkate wa watu. Ila usiulize goti kwanza.